Cheti cha kitaifa na leseni ya jimbo: washauri wa shule na wafanyakazi wa ustawi wa jamii

Kutoka Columbus, Ohio

Shikamooni wakubwa zetu, na wenzangu habari za majukumu.

Ninaomba mwongozo wa wale waliotutangulia katika jambo hili. Nilisoma shahada ya kwanza katika Taasisi ya Ustawi wa Jamii pale Kijitonyama, Dar es Salaam, kisha nikapata shahada ya uzamili ya fani hiyohiyo Chicago, na kwa miaka kadhaa nimefanya kazi katika shule za umma za Illinois nikiwa na leseni ya idara ya elimu yenye idhini ya ustawi wa jamii shuleni. Katika kipindi hicho nilipata pia cheti cha C-SSWS kinachotolewa na NASW, chama cha kitaifa cha wafanyakazi wa ustawi wa jamii. Mume wangu amehamishiwa kazi Ohio, nasi tumekwisha kuhama. Wilaya moja ya shule iliyotaka kuniajiri imenijibu kwamba cheti changu ni cha heshima, lakini hakiniruhusu kuanza kazi hata kwa siku moja.

Wifi yangu naye ana shahada ya uzamili ya ushauri nasaha aliyoipata Nairobi, na amesajiliwa chini ya Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya Kenya ya mwaka 2014. Anauliza kama akipata cheti cha NBCC, ambacho nacho ni cha kitaifa, ataweza kuajiriwa shuleni. Inakuwaje cheti kinachotambulika nchi nzima kishindwe na karatasi ya jimbo moja?

Natanguliza shukrani.

Kutoka Dayton, Ohio

Marahaba, mwanangu, na karibu Ohio.

Naanza na swali lako la mwisho, kwa sababu ukilielewa hilo mengine yatafuata. Nchini Marekani elimu na udhibiti wa taaluma viko mikononi mwa majimbo, na serikali kuu haitoi leseni ya mshauri wa shule wala ya mfanyakazi wa ustawi wa jamii. Wanaotoa vyeti vya kitaifa ni asasi binafsi: NASW iliundwa mwaka 1955 kwa kuunganisha vyama saba vya taaluma hiyo, na NBCC, bodi ya kitaifa ya washauri, ilianzishwa mwaka 1982 na makao yake yako Greensboro, North Carolina. Asasi hizo zinashuhudia kwamba umefikia kiwango fulani. Ruhusa ya kufanya kazi hutolewa na jimbo, na uzito wa ushahidi huo unategemea bunge la jimbo husika limeamua kuupokea kwa namna gani.

Sasa tuje kwako. Ugumu wako hautokani na cheti cha NASW, bali na tofauti kati ya Illinois na Ohio ambayo wengi huigundua wakiwa wameshapakua mizigo. Illinois humruhusu mfanyakazi wa ustawi wa jamii kuhudumu shuleni kwa leseni ya idara ya elimu peke yake, bila kumtaka awe pia na leseni ya bodi ya taaluma. Ohio inataka zote mbili: kwanza leseni ya bodi inayosimamia washauri, wafanyakazi wa ustawi wa jamii na watabibu wa ndoa na familia, kisha leseni ya huduma za wanafunzi kutoka Idara ya Elimu na Nguvukazi, na hiyo ya pili haitolewi bila ya kwanza. Kwa hiyo ingawa una uzoefu wa miaka na cheti cha kitaifa, mbele ya bodi ya Ohio wewe bado ni mwombaji mpya, na utatakiwa kufanya mtihani wa ASWB, umoja wa bodi za ustawi wa jamii ambao mitihani yake hutumiwa na takriban majimbo yote.

Utasikia watu wakikuambia kwamba Ohio ina sheria ya kutambua leseni za majimbo mengine. Wanasema kweli. Sheria hiyo ilianza kutumika mwishoni mwa Desemba 2023 na, jambo ambalo wengi hawalijui, inataja hata vyeti vya asasi binafsi. Lakini isome vizuri kabla ya kuitegemea. Anayetoka jimbo lenye leseni ya taaluma hiyo anatakiwa aje na leseni hiyo, awe ameishika kwa angalau mwaka mmoja na hana doa la kinidhamu. Njia ya cheti binafsi imewekwa kwa ajili ya mtu aliyefanya kazi kwa miaka miwili katika jimbo lisilotoa leseni ya taaluma hiyo. Illinois inatoa, kwa hiyo mlango huo si wako. Kwa leseni ya upande wa elimu, hata hivyo, leseni yako ya Illinois inaweza kukusaidia sana, na hapo ndipo ningekushauri uielekeze nguvu yako mara tu matokeo ya ASWB yatakapotoka.

Kuhusu mkataba wa majimbo wa ustawi wa jamii, uliokusudiwa kumwezesha mwenye leseni ya jimbo moja kufanya kazi katika majimbo mengine wanachama, ule uliopata nguvu ya kisheria mwaka 2024 baada ya Kansas kuwa jimbo la saba kuupitisha, Ohio nayo imejiunga. Ni mkataba mzuri kwa mwenye leseni ya bodi katika jimbo analoishi, na unamtaka awe amefaulu mtihani wa kitaifa. Hili la mtihani waliangalie wenzetu walioko Illinois hasa, kwa kuwa tangu Januari 2022 jimbo hilo limeacha kudai mtihani kwa leseni ya LSW, yaani leseni ya bodi ya mfanyakazi wa ustawi wa jamii. Anayeipata leseni kwa njia hiyo amepata nafuu nyumbani, lakini siku akitaka kuvuka mpaka atakuta mtihani unamsubiri ng'ambo. Mkataba huo pia hauigusi leseni ya idara ya elimu.

Kutoka Tacoma, Washington

Ndugu wanajumuiya, salamu.

Mama wa Dayton ameeleza upande wa ustawi wa jamii vizuri kuliko ambavyo ningeweza. Mimi ni mshauri wa shule, kwa hiyo nitamjibu wifi, na nitakuwa na neno moja la kupingana kidogo na mama yetu.

Wifi asianze na NBCC. Cheti chao cha kwanza ni NCC, cha mshauri wa jumla, na juu yake kuna NCSC kwa washauri wa shule. Ni vyeti vya hiari, na hakuna mkuu wa shule ya umma atakayemwajiri mtu kwa sababu ya hivyo peke yake. Kinachotangulia kwake ni shahada yake ya Nairobi kupimwa, kozi kwa kozi, na wakala wa tathmini anayekubaliwa na jimbo lake, kwa sababu idara ya elimu itataka kujua mambo mawili: je, masomo yake yanalingana na shahada ya uzamili ya ushauri wa shule ya huku, na je, alifanya mazoezi ya kazi shuleni yakisimamiwa? Vyuo vilivyoidhinishwa na CACREP, baraza linaloidhinisha programu za ushauri nasaha, huwapa wanafunzi saa 100 za mazoezi ya awali na saa 600 za mazoezi ya kazi. Programu nyingi za kwetu huwapeleka wanafunzi hospitalini, kanisani au katika mashirika, na hapo ndipo pengo huonekana. Mara nyingi hulazimu kurudi chuo kwa kozi chache na muhula wa mazoezi shuleni. Inauma, lakini ni nafuu kuliko kuanza shahada upya, jambo ambalo washauri wa udahili hupenda kulipendekeza kwa haraka, na sababu yake sote tunaifahamu.

Usajili wake wa Kenya usitupwe kabatini. Aombe barua rasmi ya bodi inayoonyesha kwamba amesajiliwa na hana shauri la nidhamu, na aiambatanishe na kila ombi. Vilevile asichanganye mikataba: ule mkataba wa majimbo wa ushauri unaozungumziwa sana siku hizi ni wa washauri wenye leseni ya kutibu kwa kujitegemea, na mshauri wa shule mwenye leseni ya idara ya elimu hahusiki nao.

Sasa neno langu kwa mama. Ukisema cheti cha kitaifa ni ushahidi tu, vijana watadhani hakina faida, nami naona kina faida kubwa mahali ambapo jimbo limeandika hivyo kwenye sheria. Hapa Washington mwalimu au mshauri wa shule mwenye cheti cha NBPTS, bodi ya kitaifa ya viwango vya taaluma ya ualimu, hulipwa nyongeza ya kila mwaka inayozidi dola 5,000, na akifanya kazi katika shule yenye umaskini mkubwa anaongezewa tena. Cheti hicho kina sehemu nne, kila moja kwa dola 475, na kinamtaka mwombaji awe na uzoefu wa miaka 3 pamoja na leseni halali ya jimbo. Yaani leseni hutangulia na cheti hufuata, na anayefuata mpangilio huo hurudishiwa gharama zake mapema.

Watazameni pia wanasaikolojia wa shule. Cheti chao cha NCSP kinatambuliwa kwa namna moja au nyingine na majimbo zaidi ya 30, na katika baadhi ya majimbo hayo mwenye nacho hupewa leseni bila kuchambuliwa upya kozi moja baada ya nyingine. Kama inawezekana kwa mwanasaikolojia, sioni sababu ya msingi ya kutowezekana kwa mfanyakazi wa ustawi wa jamii anayefanya kazi katika chumba cha jirani, kwenye shule ileile, na watoto walewale.

Kutoka Louisville, Kentucky

Bonjour na habari ndugu zetu.

Ninaongeza kidogo kwa ajili ya sisi tuliotoka Kongo na Burundi. Mwenye shahada ya ustawi wa jamii ya nje anapimwa na CSWE, baraza la elimu ya ustawi wa jamii, ambalo lina huduma maalumu ya kutambua shahada za kigeni. Tathmini ya wakala wa kawaida haitoshi kwa bodi nyingi. Nyaraka za Kifaransa zinahitaji tafsiri iliyothibitishwa, na alama zenu zinatakiwa zitoke chuoni moja kwa moja. Kama chuo kiko Goma au Bukavu, katika hali tunayoifahamu wote, anzeni kuzifuatilia leo kupitia ndugu aliye karibu, na mwombeni msajili atoe nakala zaidi ya moja zilizofungwa kwa muhuri.

Kuhusu kuitaka serikali itambue vyeti vya kitaifa, mimi nina wasiwasi. Mwaka 2022 ASWB wenyewe walitoa takwimu za mtihani wa ngazi ya kliniki: kati ya waliofanya kwa mara ya kwanza mwaka 2021, Wazungu waliofaulu walikuwa takriban asilimia 84, na Weusi asilimia 45. Tukisema kila jimbo lifuate kipimo kimoja cha kitaifa, tunakubali pia kasoro za kipimo hicho, na safari hii hatutakuwa na jimbo jirani la kukimbilia.

Kutoka Dayton, Ohio

Ndugu wa Louisville ana hoja, na kijana wa Tacoma pia. Tofauti yao naona iko hapa: mwenye NCSP alipimwa kwa masomo, kwa saa 1,200 za mazoezi ya kazi na kwa mtihani, na jimbo linapokea vyote kwa pamoja, ilhali mtihani wa ASWB ni saa nne mbele ya kompyuta. Cheti cha C-SSWS cha binti yetu kinadai shahada ya uzamili na miaka miwili ya kazi shuleni chini ya msimamizi. Kama ningepata nafasi mbele ya kamati ya bunge la jimbo, ningeomba miaka hiyo miwili ihesabiwe badala ya mtihani, wala si juu ya mtihani. Wilaya za Columbus na Dayton zina watoto wengi wanaozungumza Kiswahili nyumbani, na ASCA, chama cha washauri wa shule, kinapendekeza mshauri mmoja kwa wanafunzi 250 wakati wastani wa nchi katika mwaka wa masomo wa 2022 hadi 2023 ulikuwa 385. Wabunge huielewa hesabu hiyo kwa haraka kuliko hoja za haki.

Wakati tunasubiri hayo, mwanangu, andikia bodi ombi la kufanya mtihani wiki hii. Kwa kuwa Kiingereza si lugha yako ya kwanza, uliza katika ombi hilohilo kama bodi inaidhinisha muda wa ziada, kwa sababu zipo bodi zinazoruhusu na ruhusa hiyo haitolewi ukishapangiwa tarehe. Nakala ya leseni ya Illinois iombwe kwa njia ya uthibitisho rasmi kati ya idara na idara, usiipige picha mwenyewe. Kwa wilaya iliyotaka kukuajiri, waulize kama wana nafasi ya msaidizi wa familia au mratibu wa mahudhurio, ambazo hazidai leseni ya bodi. Ila hakikisha mkataba hautumii cheo cha mfanyakazi wa ustawi wa jamii, kwa kuwa hapa Ohio cheo hicho kinalindwa na sheria na kukitumia kabla ya leseni kunaweza kukuharibia ombi lako.