HeartModel, 4D Auto LVQ au Simpson ya kuchora kwa mkono?

Mpimaji_Zamu: Wakuu, habari za kazi. Idara yetu inanunua mashine mpya ya eko (kupiga picha moyo kwa mawimbi ya sauti). Muuzaji mmoja ana HeartModel ya Philips, mwingine 4D Auto LVQ ya GE, zote programu za kupima moyo kwa picha za 3D. Mimi mpaka leo napima EF (asilimia ya damu ambayo ventrikali ya kushoto, chumba kikuu cha kusukuma damu, inaitoa kwa kila pigo) kwa Simpson, yaani nachora kwa mkono mpaka wa chumba hicho kwenye picha bapa za 2D. Wagonjwa wangu wengi ni akina mama wenye saratani ya matiti walio kwenye trastuzumab, dawa ya saratani inayoweza kudhoofisha moyo, wanarudi kila miezi mitatu. Majuzi mama mmoja nilimpata EF ya asilimia 58, mwenzangu akampata 51 siku hiyo hiyo. Nusura asimamishiwe dawa. Mpaka leo linaniuma.

Dada_wa_Eko: Pole sana ndugu yangu. Kwa hao akina mama, nenda 3D. Thavendiranathan na wenzake walilinganisha njia hizi mwaka 2013 kwa wanawake waliokuwa kwenye kemo, na 3D isiyo na kontrasti (dawa ya kung'arisha picha) ndiyo iliyoyumba kidogo kuliko zote kati ya kipimo na kipimo: kama pointi 6 za EF, wakati 2D ilikaribia 10. Kwenye picha bapa ukiikosa ncha ya moyo, ventrikali inaonekana fupi, na leo unaikosa hivi, kesho vile.

Fundi_Pwani: Natumia HeartModel. Ukipata picha nzuri ya vyumba vinne, programu inakuchorea ventrikali na atriamu ya kushoto (chumba cha juu yake) kwa pamoja, muda mfupi tu. Ila usibonyeze "kubali" kabla ya kuutazama ule mstari! Kuna kitelezi cha mpaka. Ukikisogeza nje kidogo, ujazo unapanda. Sisi tulikubaliana mpangilio mmoja, tukauandika kwenye karatasi na kuibandika ubavuni mwa mashine. Kila mtu akiweka wake, mtarudi kule kule kwenye 58 na 51.

Daktari_wa_Bara: LVQ niliyojifunzia ilitaka ulinganishe picha kwanza, halafu uonyeshe kitako na ncha ya ventrikali. Kazi inaongezeka, lakini unalazimika kuuangalia moyo. Atriamu ina programu yake ya pembeni.

Mpimaji_Zamu: Na mwenye mapigo yasiyo na mpangilio?

Daktari_wa_Bara: Hapo pana shida kwa zote. Picha ikiunganishwa kutoka mapigo kadhaa, unaona mshono katikati ya ukuta wa moyo, kama kitenge kilichoshonwa maua yakapishana. Chukua pigo moja moja, upime kadhaa, utafute wastani. Na picha ikiwa mbovu tangu mwanzo, programu itakupa namba hivyo hivyo. Usiiandike.

Dada_wa_Eko: Nyongeza: ujazo wa 3D huwa chini kidogo ya ule wa MRI (picha za sumaku), kwa hiyo usivichanganye kwenye faili moja. Mgonjwa aliyeanza na njia fulani aendelee nayo.

Mpimaji_Zamu: Asanteni sana. Jumatatu nitawaomba wauzaji wote wawili walete mashine. Wafanyakazi watano watajitolea, mimi na mwenzangu tutawapima kila mmoja kivyake, bila kuoneshana majibu.