TSH 3.4 na IVF hedhi ijayo: nianze vidonge, nisubiri, au tugandishe viinitete kwanza?

subira_tanga
Habari zenu wapendwa. Naomba mawazo ya waliopitia haya. Mimi na mume wangu tunaanza IVF, yaani kutungisha mimba nje ya mwili, na sindano za kuchochea mayai zimepangwa hedhi ijayo. Vipimo vya damu vimerudi: TSH, homoni ya ubongo inayoiamrisha tezi ya thairoidi shingoni, ni 3.4; T4 huru, homoni ya tezi yenyewe, iko sawa. Daktari wa uzazi anataka nianze levothairoksini, kidonge cha homoni ya thairoidi, mikrogramu 50 leo hii, TSH ishuke chini ya 2.5 kabla ya kupandikiza. Nikaenda kwa daktari wa homoni, yeye anasema 3.4 ni ya kawaida kabisa, nisiguse kitu. Kila mmoja ana uhakika wake, na mmezaji ni mimi.

Naona njia tatu. Nianze vidonge na ratiba iendelee. Au nisimeze, ratiba iendelee, niwe napimwa. Au watoe mayai, wagandishe viinitete, tezi ishughulikiwe kwa utulivu na kupandikiza kuje baadaye. Ninyi mngechagua ipi?

mwanakwetu_ksm
Pole dada. Kabla ya njia zote tatu: umepimwa kingamwili za TPO, zile zinazoishambulia tezi ya thairoidi? Sijaona ukizitaja, na mimi bila jibu hilo siwezi kukuambia chochote.

nesi_wa_zamu
Naunga mkono swali la mwanakwetu. Nafanya kazi kwenye kitengo cha uzazi, kwa hiyo nitaeleza kwa kirefu kidogo.

Subira, hao madaktari wawili hawapingani sana kama unavyohisi. Kila mmoja anajibu swali lake. Wa homoni anaulizwa: tezi ya huyu mama inaumwa? Kwa namba hizo, hapana. Wa uzazi anajiuliza: tezi hii itahimili kazi tunayotaka kuipa?

Kazi yenyewe ni hii. Sindano za kuchochea hupandisha estrojeni kupita kiwango cha mwezi wa kawaida. Estrojeni ikipanda, ini hutengeneza kwa wingi protini inayobeba homoni ya thairoidi kwenye damu. Homoni iliyoshikwa na protini haifanyi kazi mwilini, basi ile iliyo huru hupungua, na ubongo hupandisha TSH kuidai tezi iongeze. Tezi yenye afya huongeza yenyewe. Tezi inayoshambuliwa na kingamwili za TPO mara nyingi hushindwa kufuata, na mimba ikishika inadaiwa zaidi, kwa sababu wiki za mwanzo mtoto hutegemea homoni ya mama.

Kwa hiyo 3.4 yenye TPO na 3.4 isiyo na TPO mimi siyahesabu kuwa jambo moja. Mwongozo wa Chama cha Thairoidi cha Marekani wa 2017 na ule wa Ulaya wa 2021 haifanani kila kifungu, ila kwa anayekwenda IVF naisoma hivi: TSH ikizidi 4 au ikivuka kikomo cha maabara, tibu. Ikiwa kati ya 2.5 na 4 na TPO zipo, daktari anaweza kuanza dozi ndogo ya mikrogramu 25 hadi 50. TPO zisipokuwepo, ushahidi wa kumeza ni mwembamba.

Na hata zikiwepo usiahidiwe makubwa. Jaribio la TABLET la Uingereza, lililochapishwa 2019, lilichukua wanawake 952 wenye TPO na thairoidi ya kawaida, waliowahi kupoteza mimba au kutafuta mtoto bila kupata. Nusu walipewa mikrogramu 50, nusu vidonge visivyo na dawa. Waliojifungua mtoto hai baada ya wiki 34 walikuwa asilimia 37.4 upande wa dawa na 37.9 upande wa pili. China nako, mwaka 2017, wanawake 600 wa IVF wenye TPO: mimba zilizoharibika zilikuwa kama 10 kwa kila 100 pande zote mbili.

mkarafuu
Nesi ameeleza vizuri, lakini wacha nitetee vidonge. Majaribio hayo yanazungumzia wanawake wengi kwa pamoja. Mimi TPO zangu zilikuwa juu, TSH 3.1 kabla ya sindano, na baada ya kuvuna mayai ikavuka 5. Kwa kuwa nilishakuwa kwenye dozi ndogo, daktari aliongeza tu, hatukuanza kuhangaika siku za kupandikiza. Dawa hii haina bei kubwa, na dozi ndogo ikisimamiwa haina madhara mengi. Kwa mwenye TPO mimi nasema ameze, sio kwa sababu namba 2.5 ina miujiza, bali apate akiba ya kuingia nayo kwenye sindano.

Asiye na TPO asimeze kwa hofu. Dozi ikizidi moyo unaenda mbio, usingizi unakata, na TSH iliyoshuka mno nayo haitakiwi.

baba_tumaini
Mie ni mwanaume ila tulipitia hili nyumbani, na tulichagua ya tatu. Sababu yetu ilikuwa muda. Levothairoksini hukaa mwilini muda mrefu, nusu yake huondoka kwa takriban wiki moja, na TSH huchukua wiki 6 hivi kutulia baada ya kuanza au kubadili dozi. Ukianza leo na sindano zikaanza hedhi ijayo, utapimwa namba ambayo bado inatembea, huku estrojeni nayo inaivuta upande wake. Kugandisha kulitupa nafasi ya kuona dozi imekaa sawa kabla ya kupandikiza.

Ubaya wake ni pesa. Kuna malipo ya kugandisha, ya kuhifadhi, kisha dawa za kuandaa ukuta wa mfuko wa uzazi. Na kusubiri kunachosha roho, hasa ndugu wakiuliza kila sikukuu.

nesi_wa_zamu
Kaka, nyongeza hapo. Kama ukuta unaandaliwa kwa vidonge vya estrojeni vya kumeza, navyo hupitia ini na kuongeza ile ile protini. Vibandiko vya ngozi haviligusi ini hivyo, na kupandikiza kwa mzunguko wa asili hakuhitaji estrojeni ya nje. Mtu wa thairoidi anayegandisha aulize ataandaliwa kwa njia gani, la sivyo amelipia utulivu asioupata.

duka_la_dawa
Naomba niulize ambalo halijaulizwa. Bi Subira, unatumia vidonge vya nywele na kucha?

subira_tanga
Ndiyo, vile vya biotini, tangu nywele zianze kukatika. TPO sijapimwa. Na kipimo cha mirija ya uzazi nilifanya miezi michache nyuma, kama kinahusika.

duka_la_dawa
Vyote viwili vinahusika. Biotini huvuruga mashine nyingi za maabara: huishusha TSH kwenye karatasi bila kuishusha mwilini, na T4 huru huonekana juu kuliko ilivyo. Maana yake hiyo 3.4 inaweza kuwa imepunguzwa, na halisi ikawa juu ya 4, na hapo mjadala wa madaktari wako unakwisha. Acha biotini angalau siku 2 kabla ya kipimo, zikiwa nyingi zaidi ni bora, na mwambie mpimaji.

Dawa ya rangi ya kipimo cha mirija ina madini joto mengi. Ile ya mafuta hukaa mwilini kwa miezi na inaweza kuipandisha TSH. Uliza walitumia ya mafuta au ya maji.

Ukiandikiwa kidonge: tumbo tupu, maji matupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya chai. Chai ya maziwa, kahawa na uji wa maziwa vinakula dawa yako. Vidonge vya kuongeza damu na vya kalsiamu, ambavyo wanawake wa IVF hupewa wengi, viachane nayo saa 4. Asubuhi ikiwa ni ya vurugu, kumeza wakati wa kulala kunafaa, mradi umekula saa 3 au zaidi nyuma. Kwa joto la Tanga usiviweke dirishani wala kwenye gari. Na ukibadilishiwa kampuni, pima tena baada ya wiki 6.

mkarafuu
Na Ramadhani? Mimi humeza nikiamka daku, nusu saa kabla ya kula. Ni sawa?

duka_la_dawa
Ni sawa kabisa. Shikilia muda huo huo, usiruke leo daku kesho futari.

kivu_yetu
Nipo Bukavu. Huku watafiti walichunguza sana rovu, uvimbe wa tezi shingoni, kisiwani Idjwi kwenye Ziwa Kivu, mahali penye mihogo mingi na madini joto kidogo, kwa hiyo shangazi zetu wote ni madaktari wa shingo. Je, dada asile unga wa mwani kuongeza madini joto? Unauzwa sana mtandaoni.

nesi_wa_zamu
Hapana, tafadhali. Chumvi ya madini joto ya jikoni, na vidonge vya wajawazito kama daktari ameviandika. Mwani kiwango chake hakitabiriki, na kikizidi kinaiangusha tezi yenye TPO.

subira_tanga
Asanteni sana, mmenifungua macho. Nimeacha biotini leo. Wiki ijayo narudia TSH na T4 huru, naongeza TPO, na nitapeleka karatasi moja kwa madaktari wote wawili. TPO zikiwepo au TSH ikiruka 4, nitaomba vidonge na kugandisha. Zisipokuwepo na namba ikabaki pale pale, naendelea na ratiba bila dawa. Swali la mwisho: mimba ikishika?

nesi_wa_zamu
Amina, ishike. Siku kipimo kikisoma ndiyo, piga simu kliniki siku hiyo hiyo. Aliye tayari kwenye dawa kwa kawaida huongezewa vidonge 2 kwa wiki, yaani 9 badala ya 7, lakini asikie kwa daktari wake kwanza. TSH ipimwe kila wiki 4 hadi katikati ya ujauzito, kisha mara moja karibu na wiki ya 30. Na hata ukienda bila dawa, omba TSH irudiwe wiki moja au mbili baada ya sindano za kuchochea. Kliniki nyingi hazikumbuki, kwa hiyo kumbusha wewe.