Tupeane uzoefu: Kwenda kutazama ndege Pemba na Unguja mkiwa kundi la marafiki

Mwenye mada
Assalam alaykum ndugu zangu. Watu wanapanda ndege kutoka Ulaya kuja kutazama ndege wa Pemba, na huku wengi wetu tuliozaliwa Wete na Chake hatujaambiwa hata skuli kwamba wapo ndege wanne wasiopatikana popote duniani ila hapa kwetu: ninga wa Pemba, chozi wa Pemba, bundi mdogo wa Pemba, na yule mdogo wa manjano anayeitwa kinengenenge. Hili linaniuma. Kila aliyekwenda na wenzake atueleze alikokwenda na alichokiona.

Naanza mie. Tulikwenda msitu wa Ngezi, Pemba, na rafiki zangu wa tangu skuli. Daladala hadi Konde, kisha bodaboda hadi getini. Chozi hatukuhitaji kumtafuta msituni, tulimkuta Konde kwenye maua ya migomba, dume akimeremeta kijani na zambarau kifuani. Ninga ndiye aliyetupa kazi. Ana kichwa na kifua cha kijivu, mwili wa kijani, na akitulia juu ya mkuyu humwoni hata ukimkodolea macho. Tulimjua kwa tunda lililoanguka mbele yetu. Hapo ndipo faida ya kwenda wengi: mmoja anatazama juu, mwengine anasikiliza, wa tatu anashika darubini.

Bundi tulimngoja baada ya Maghribi, kwa makubaliano na mtembezaji wa msituni. Huyu halii kama bundi wakubwa. Hutoa "hu" moja fupi, akanyamaza, akarudia, mara nyengine akazifululiza. Mwenzetu mmoja alitoa simu ampigie sauti iliyorekodiwa ili asogee. Mtembezaji akamzuia palepale, akatueleza kwamba bundi akisikia hivyo hudhani kaingiliwa katika eneo lake, basi huacha kuwinda wadudu wake na kuja kugombana na asiyekuwepo. Tukangoja. Alikuja mwenyewe, mwekundu-kahawia, akatua tawi la chini.

Mkarafuu wa Wete
Ahsante kwa kumtaja bundi. Yule haishi msituni tu, hata kwenye mashamba ya mikarafuu na miembe yumo. Kwetu bundi akilia karibu na nyumba watu husema kuna msiba unakuja, na watoto hutumwa wamfukuze kwa mawe. Nilimchukua ami yangu, mzee wa shamba, tukakaa naye usiku mmoja tukimsikiliza bundi. Nikamwambia, "Ami, huyu anakula wadudu, na akitoweka Pemba ametoweka dunia nzima." Alikaa kimya kwa muda, kisha akasema tangu leo hapigwi bundi jiwe shambani kwake. Vijana wa ulimbo na manati nao tuzungumze nao hivyohivyo, kwa upole, maana wanakamata wasichokijua thamani yake.

Bint Chwaka
Sisi wa Unguja tuna pwani. Nendeni ghuba ya Chwaka kuanzia mwezi wa kumi na moja, wakati ndege wa kaskazini wamekwisha wasili. Sululu wapo, vitwitwi wa kila namna, na ukibahatika utamwona yule mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu na domo nene jeusi la kuvunjia kaa. Huyo ni wa ajabu. Huchimba shimo mchangani akataga humo yai moja jeupe, na joto la mchanga humsaidia kulilea. Hazalii kwetu, huzalia pwani za Uarabuni na Pembe ya Afrika, kisha huja kula kaa wetu.

Msende maji yakiwa yametupwa mbali, mtawaona kama nukta tu. Subirini yanapoanza kujaa, kwa kuwa maji ndiyo yanayowasukuma kuja karibu yenu. Kaeni chini kwenye mikoko wala msitembeetembee. Na wapisheni akina mama wa mwani wafanye kazi yao.

Kulukulu
Nendeni msitu wa Jozani, Unguja, asubuhi mapema. Wote wanakwenda kwa kima punju, lakini inueni macho: kulukulu akiruka, mabawa mekundu yanafunguka ghafla. Wekundu ule ni rangi yenye shaba ndani yake. Niliwaambia wenzangu hawakuniamini.

Mgeni wa mada
Mie naishi Mjini, naona kunguru tu. Kwa nini?

Mwenye mada
Ndugu yangu, kunguru wale waliletwa Unguja kutoka Bara Hindi miaka ya 1890 ili wale taka. Wakazaana, na wanakula mayai na makinda ya ndege wengine, ndiyo maana bustani za Mjini zimepungukiwa. Usikate tamaa, toka nje ya mji tu utaona tofauti.

Kwa wanaokwenda Ngezi: ingieni alfajiri au alasiri, mchana ndege hujificha. Vaeni nguo za kijani au kahawia, mikono mirefu kwa ajili ya mbu, na mlipe mtembezaji wa pale pale msituni badala ya kuja na mtu wa mjini, kwani yeye ndiye anayejua mkuyu upi una matunda wiki hiyo. Sisi tunapanga safari nyengine baada ya mvua za masika. Anayetaka aandike hapa, nauli tunagawana na darubini ipo.