Nataka kuanzisha podikasti ya wazee wa mashamba ya mkonge: nianzie wapi?

Mwalimu_Muheza

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Mimi ni mwalimu wa Historia katika shule ya sekondari wilayani Muheza, mkoani Tanga. Kwa miaka miwili sasa nimekuwa nikiwatembelea wazee waliofanya kazi katika mashamba ya mkonge, wengine wao wakiwa wamekuja huku kama manamba, yaani vibarua wa mkataba kutoka mbali, wangali vijana wadogo, na kila ninapotoka barazani kwao huwa najilaumu kwamba maneno yale yote yamebaki kichwani mwangu tu. Mzee mmoja alinisimulia jinsi walivyokuwa wakihesabiwa mizigo ya majani 30 kila mmoja, na jinsi kidole kilivyoweza kwenda na korona, mashine ya kutoa nyuzi katika majani ya mkonge, kabla mwenyewe hajasikia maumivu. Wanafunzi wangu hupita katikati ya mistari ya mkonge kila asubuhi wakija shuleni, lakini habari hizo hawajapata kuzisikia.

Nimeamua kuanzisha podikasti, yaani vipindi vya sauti vya kusikilizwa mtandaoni. Nina simu janja ya kawaida, nina kompyuta ya zamani, na nimeweka akiba ya shilingi 300,000. Naomba kujua ninunue kipaza sauti cha aina gani, kila sehemu iwe na urefu gani, kama ni lazima niwe na chumba maalumu, na sauti ikishakamilika inamfikiaje msikilizaji. Rafiki yangu mmoja ananishauri nisubiri mpaka nipate vifaa kamili, kwa kuwa kazi mbovu ikishatoka haifutiki. Nawasikiliza.

FundiSauti

Mwalimu, rafiki yako ana nia njema, lakini kwa jambo hili sikubaliani naye hata kidogo. Kurekodi na kurusha ni kazi mbili tofauti. Kurusha kunaweza kusubiri hata mwaka mzima bila hasara yoyote. Kurekodi hakuwezi, kwa sababu kijana aliyeingia shambani mwaka 1960 akiwa na umri wa miaka 18 leo amevuka miaka 80. Anza kurekodi wiki hii kwa simu hiyo hiyo uliyonayo, na fedha yako usiiguse kwa mwezi wa kwanza.

Nasema hivyo kwa sababu kinachoharibu sauti za wanaoanza mara nyingi si kipaza sauti, bali ni umbali na chumba. Simu ikilazwa mezani mita mbili kutoka kwa msemaji hunasa nyumba nzima: mwangwi wa kuta, feni, sufuria zinazooshwa uani, pikipiki inayopita barabarani. Simu hiyo hiyo ikishikwa shubiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili pumzi za herufi "p" na "b" zisiipige moja kwa moja, hutoa sauti safi ambayo msikilizaji hataulizia imerekodiwa na kifaa gani. Si lazima uwe na chumba maalumu. Maneno yako ya utangulizi yarekodi chumbani kwako pa kulala, ukiwa umeelekea kabati lililo wazi lenye nguo au blanketi ulilolitundika ukutani, kwa maana vitambaa na godoro humeza mwangwi. Kwa mzee, sebule yenye sakafu ya saruji, kuta tupu na bati lisilo na dari ndiyo mahali pabaya kuliko pote, na mvua ikinyesha usijaribu kabisa. Chini ya mwembe ni bora, kwa kuwa hakuna kuta za kurudisha sauti; tatizo la nje ni upepo, nao hupunguzwa kwa kufunika tundu la kipaza sauti kwa kipande chembamba cha sponji. Weka simu katika hali ya ndegeni, halafu kabla ya swali la kwanza mwombe kila mtu anyamaze na urekodi sekunde 30 za ukimya wa mahali hapo. Utazihitaji wakati wa kuhariri, kuziba nafasi ulizokata.

Sasa nikueleze kosa ambalo mpaka leo linaniuma. Nilikwenda kumrekodi bibi mmoja anayejua nyimbo za harusi za zamani, nikambana kipaza sauti kidogo kwenye ukosi, kile chenye swichi ya kuchagua simu au kamera. Swichi ilikuwa upande wa kamera na betri yake ilikuwa imekwisha. Nilirudi nyumbani na saa nzima ya mvumo mtupu. Bibi alikubali kurudia, lakini safari ya pili alisimulia kwa ufupi, kama mtu anayesimulia jambo alilokwisha kulisema, na nyimbo mbili hakuziimba tena. Tangu siku hiyo nina desturi moja: narekodi dakika moja, navaa hedifoni, nasikiliza yote, ndipo naanza. Ukija kutumia fedha yako, hedifoni ya waya ndiyo iwe ya kwanza, na kipaza sauti kifuate.

Ikiwa programu yako ya kurekodi inaruhusu, tumia faili la WAV, ambalo sauti yake haijabanwa, badala ya MP3, ambayo huibana. Saa moja ya WAV yenye chaneli moja huchukua takriban MB 320, kwa hiyo hakikisha simu ina nafasi, na siku hiyo hiyo nakili faili mahali pawili. Hiyo ndiyo nakala mama. Uhariri ufanyike kwenye nakala nyingine. Kwa uhariri, programu ya Audacity haina malipo na kwa kawaida haielemei kompyuta ya zamani.

MtayarishajiMstaafu

Mwanangu Mwalimu, nimefanya kazi ya utayarishaji wa vipindi vya redio kwa miaka mingi, na ombi lako limenigusa. FundiSauti amemaliza upande wa vifaa. Mimi nitasema kuhusu mzee mwenyewe.

Usimwulize, "Maisha ya mkonge yalikuwaje?" Swali hilo litakupatia hotuba, na hotuba hizo wazee wetu wanazijua vizuri kwa kuwa wametakiwa kuzitoa katika mikutano mingi. Mwulize kengele ililia saa ngapi. Mwulize walikunywa nini kabla ya kutoka kambini, nani alishika daftari la kuhesabia, na mzigo uliopungua jani moja ulifanywaje. Mtu akikumbuka daftari atakumbuka na mkono uliolishika, na kutoka hapo hadithi itakuja yenyewe. Akinyamaza, hesabu kimoyomoyo mpaka tano kabla ya kuuliza tena. Maneno mazito kuliko yote niliyopata kuyarekodi yalikuja baada ya ukimya ambao kijana mwenye haraka angeukatiza. Nawe wakati anazungumza usiitikie kwa "ehee" na "naam" kila baada ya sentensi, kwa kuwa sauti zako zitakaa juu ya maneno yake na hutaweza kuzitenganisha. Najua ni adabu yetu kumwitikia mkubwa anaposema, kwa hiyo mweleze mapema kwamba utaitikia kwa kichwa ili sauti yake isikike vizuri. Ataelewa.

Kuhusu lugha, manamba walitoka mbali: Waha kutoka Kigoma, Wabena kutoka Njombe, Wamakonde kutoka kusini na ng'ambo ya Ruvuma. Mzee akiteleza kidogo akaingia katika lugha ya kwao, usimrudishe. Acha maneno hayo yasikike, kisha katika uhariri ueleze maana yake kwa sauti yako.

Urefu usiupange kwa saa. Mazungumzo ya saa moja na nusu kwa kawaida yana dakika 20 au 25 ambazo msikilizaji angesimama njiani kuzisikiliza, na kazi yako ni kuzitafuta. Anza na sauti ya mzee papo hapo, na sentensi moja inayomfanya mtu atake kujua kilichofuata, kama hiyo ya kidole na korona. Jina la podikasti na salamu zako vifuate baadaye, navyo viwe vifupi. Vijana wengi wanaanza kwa dakika tano za kujitambulisha na kushukuru, na mimi kama msikilizaji huwa nimekwisha kuondoka.

Naongeza jambo moja juu ya kurusha. Usitoe sehemu ya kwanza mpaka uwe na nne zilizokamilika. Wewe ni mwalimu. Novemba mitihani ya kidato cha nne itakuja na hutapata hata jioni moja ya kuhariri. Sehemu nne zilizo tayari, zikitoka moja kila baada ya wiki mbili, zinakupa miezi miwili ya kupumua. Podikasti inayotoka mara moja kwa mwezi bila kukosa inaheshimika kuliko ile inayotoka kila wiki kwa mwezi mmoja kisha ikanyamaza.

MsikilizajiWaBarabarani

Nijibu swali la sauti kumfikia msikilizaji, kwa kuwa ndilo linalowachanganya wengi. Mara nyingi faili lako hulipeleki moja kwa moja katika programu za kusikilizia kama Spotify au Apple Podcasts, kama unavyopandisha picha. Kwa kawaida unalihifadhi kwa kampuni ya kuhifadhi podikasti, nayo inakutengenezea anwani moja inayoitwa mlisho wa RSS. Anwani hiyo unaiandikisha mara moja tu katika programu za kusikilizia, na baada ya hapo kila sehemu mpya unayoiweka inachukuliwa na programu hizo zenyewe. Spotify ilifunguliwa Tanzania, Kenya na Uganda mwaka 2021, kwa hiyo wasikilizaji wako wa nyumbani wanaweza kukupata huko bila njia za kuzunguka. Utahitaji pia picha ya mraba. Apple inataka iwe kati ya pikseli 1400 kwa 1400 na 3000 kwa 3000. Usiijaze maandishi, kwa sababu kwenye simu itaonekana ndogo kama kucha.

Pamoja na hayo, mjali mwenye bando dogo. Mazungumzo hayahitaji ubora wa muziki. MP3 ya chaneli moja kwa kbps 64 (kilobiti kwa sekunde, kipimo cha wingi wa data) ni karibu MB 10 kwa dakika 20, wakati kwa kbps 128 ni karibu MB 19. Kwa mwanafunzi anayenunua bando la siku, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama atasikiliza au hatasikiliza. Mimi ningetoa ya kbps 64 na kuituma pia katika makundi ya WhatsApp ya wazazi na ya wanafunzi waliomaliza, kwa kuwa wazee wenyewe na watoto wao hawatakwenda kutafuta programu mpya. YouTube iongeze, hata kama ni picha moja tu iliyotulia.

Tahadhari: mimi niliweka kazi zangu zote katika tovuti moja ya bure bila kubaki na nakala, tovuti ikafungwa, na sehemu 11 zikapotea. Nakala mama za wazee zikae kwako, na ikiwezekana maktaba ya shule nayo ipewe diski yake.

KaraniWaSheria

Ridhaa irekodiwe, tena mwanzoni: mzee ataje jina lake, aseme kwamba anajua sauti itasikika hadharani na kwamba amekubali. Mweleze kwa maneno ya kawaida kwamba watu wa mbali wasiomjua wataisikia, maana wengi wakiambiwa "mtandaoni" wanaitikia tu kwa heshima. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na sauti ya mtu pamoja na habari za maisha yake si vitu vya kuchezea. Akimtaja msimamizi fulani kwa jina kwamba alipiga watu au aliiba mishahara, ondoa jina, hata kama unaamini ni kweli, kwa kuwa familia ya mtajwa ipo na huna njia ya kuthibitisha.

Usiweke wimbo wa msanii yeyote bila idhini, hata sekunde kumi. Masuala ya hakimiliki yanasimamiwa na COSOTA, taasisi ya serikali ya hakimiliki. Njia rahisi ni kumwomba mpigaji wa hapo hapo kijijini akupigie kipande kifupi, umlipe, na muandikiane karatasi. Aidha, kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2020 zilifanyiwa marekebisho mwaka 2022, kwa hiyo kabla ya kurusha waulize TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) wenyewe kama podikasti ya aina yako inahitaji leseni. Swali hilo liulize kwa maandishi na jibu lake ulitunze.

Mwalimu_Muheza

Nawashukuru nyote kwa dhati. Jumamosi nilikwenda kwa yule mzee wa korona nikiwa na simu, sponji niliyoikata kwenye mto uliochakaa, na hedifoni niliyoazima kwa mwanafunzi. Tulianzia sebuleni, nikarekodi dakika moja na kuisikiliza: sauti yake ilikuwa kama inatoka ndani ya pipa. Tukahamia chini ya mwembe, nikajaribu tena, na nikasikia hata kikohozi chake kidogo kabla ya kila sentensi.

Nilimwuliza juu ya kengele. Alisema haikuwa kengele bali kipande cha reli kilichoning'inizwa, kikigongwa kwa nyundo kabla hakujapambazuka, kisha akanyamaza. Nilihesabu mpaka tano, nikafika nane. Ndipo akaniambia kwamba mpaka leo huamka saa ile ile, na kwamba marehemu mkewe alikuwa akimwuliza anakwenda wapi.

Nilipomaliza nilimvalisha hedifoni asikilize. Alisikiliza dakika zote 50 bila kusema neno, kisha akaniuliza kama naweza kumfuata rafiki yake aliyeko Korogwe, ambaye ni mgonjwa. Nakwenda Jumapili hii. Uhariri na mlisho wa RSS nitavirudia likizo ikifika.