Tupeane uzoefu: taka za nyumbani kwako zinaishia wapi?

Mama wa Kadutu
Jambo wandugu. Tangu niolewe naishi Kadutu, hapa Bukavu mashariki mwa Kongo, kwenye ule mteremko wetu ambapo ukisimama mlangoni unaona paa la jirani chini ya miguu yako. Nafasi ya kuchimba shimo la taka hakuna. Kwa miaka mingi nilifanya kama wengine: mvua ikianza usiku, ndoo inatoka, maji yanabeba, asubuhi mlango uko safi. Maji yanapeleka wapi, sikujiuliza.

Mwaka jana nilimsindikiza shemeji yangu upande wa bwawa la umeme la Ruzizi I. Ziwa Kivu linatoa maji yake kwa njia moja tu, mto Ruzizi, na kila kinachoelea kinavutwa hadi pale. Chupa za plastiki zilikuwa zimefunika maji hata ukadhani utapita juu yake kwa miguu. Ndala za watoto, bidoni (madumu) zilizopasuka, nepi. Wanaume wawili walikuwa ndani ya mtumbwi wakizoa kwa mikono. Shemeji akanieleza kwamba uchafu ule ukifika kwenye mitambo, turbini zinaziba, zinasimamishwa, na Bukavu inakosa umeme. Nilinyamaza njia nzima ya kurudi. Ni mara ngapi nimewasha mshumaa jioni nikilaumu wengine?

Sasa nina viloba viwili na ndoo moja. Maganda ya ndizi na muhogo yanaenda kwa jirani anayefuga sungura na kobayi (wanyama wadogo wa kufugwa, kama panya wasio na mkia), chupa na bidoni zinangoja vijana wanaozinunua, na ndoo inabaki na yaliyoshindikana. Ndoo iliyokuwa inajaa kila siku sasa inachukua siku nne. Nyinyi mnafanyaje?

Papa wa Panzi
Aksanti mama. Mimi nina kipande cha bustani nyuma ya nyumba. Mboji yangu ya kwanza ilinishinda kabisa. Nilitia kila kitu: ugali uliobaki, vichwa vya sambaza (samaki wadogo wa ziwani), maganda mabichi, tena majira ya mvua. Wiki ya pili ikaanza kunuka, ya tatu wakaja panya, na mama mkwe alikuwa amekuja kututembelea. Niliona aibu.

Mzee mmoja mkulima wa Kabare alichota ile mboji kiganjani, akaikamua. Maji yakatiririka mpaka kwenye kiwiko. Akasema: "Hii imekosa hewa." Akanifundisha kwamba kila ndoo ya vitu vibichi lazima ifuatwe na majani makavu ya mgomba, kwa wingi ule ule au kuzidi. Geuza kila wiki, funika mvua ikinyesha, na samaki na ugali usiweke kamwe. Ukikamua, litoke tone moja au mawili tu. Baada ya miezi mitatu ilikuwa nyeusi, inanukia kama udongo wa msituni. Mboga za lengalenga (mchicha) ninazokula leo zimeota hapo.

Jirani wa Goma
Huku kwetu hali ni nyingine. Mtaa wetu umekaa juu ya lava ya volkano ya Nyiragongo ya Januari 2002. Ukitaka shimo, unavunja mawe siku nzima unapata kina cha goti. Kwa hiyo tunalipa vijana watuzolee kila mwezi. Nililipa miaka miwili nikiamini wajibu wangu umeishia hapo.

Siku moja nilifuata chukudu yao, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Mbali kidogo na nyumbani nikakuta viloba vyetu vimemwagwa kwenye kiwanja cha mtu. Changu nilikitambua kwa kamba nyekundu niliyokifungia. Mbuzi alikuwa anatafuna sashe (mfuko wa plastiki). Nilipowauliza, hawakunificha: jalala liko mbali, mzigo ni mzito, na pesa tunazotoa hazitoshi safari. Nikakaa na majirani. Tumeongeza malipo kidogo, na kila nyumba inatoa maganda kando, maana ndiyo yenye uzito. Safari zimepungua, na kila wiki mmoja wetu anawasindikiza hadi mwisho.

Baba wa Nguba
Mimi nasema mzigo huu asiubebe mama wa nyumbani peke yake. Amri ya serikali ya tarehe 30 Desemba 2017 ilikataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia sashe za plastiki nchini Kongo. Nenda sokoni leo uone. Na sisi wenyewe tukivuka Ruzizi kwenda Kamembe tunabeba kikapu bila kunung'unika, kwa sababu Rwanda wamekataza tangu 2008 na wanasimamia. Tukirudi, kikapu tunakiweka juu ya kabati.

Halafu angalieni vidanji za bia, zile chupa tupu zinazorudishwa dukani. Nani amewahi kuona chupa ya Primus inaelea ziwani? Mtoto akiiokota anaikimbiza dukani, kwa kuwa ina pesa. Wanaouza maji na juisi kwenye plastiki nao wangerudishiwa chupa zao kwa malipo, mtumbwi wa Ruzizi ungepumzika.

Mama wa Kadutu
Baba, hilo la vidanji ni kweli tupu, na sheria tuidai. Lakini mvua ya leo usiku haitangoja, na ndoo iko mlangoni kwangu.

Dada wa Bagira
Vumbi la makala (mkaa) lisitupwe jamani. Nalichanganya na uji wa unga wa muhogo, nafinyanga madonge, naanika juani. Maharage yanaiva. Kila gunia la makala tunalookoa ni miti iliyobaki milimani.

Nina swali: watoto wangu wametupa betri za tochi kwenye mboji. Nimezitoa. Mnaziweka wapi?

Papa wa Panzi
Umefanya vizuri kuzitoa, zina sumu, na mboga zitainyonya. Mimi nazitia kwenye bidoni kuukuu yenye kifuniko, juu, watoto wasipofika. Pa kuzipeleka sijapapata. Bidoni imefika nusu.