Duka limefichwa na mabango: niongeze langu au niliteremshe?

Muuza Leso: Assalaam alaikum wenzangu. Nauza leso Biashara Street, Mombasa. Wiki jana mamangu, ambaye anunua leso mtaa huu tangu usichana wake, alinipita mara mbili asilione duka. Alama yake ni ule mlango wa mbao wenye nakshi. Sasa umezibwa na bango la jirani wa juu, na langu, na karatasi za waganga zilizobandikwa moja juu ya nyingine hadi gundi imefanya ganda. Juu, waya zimesukana. Alipoketi akasema, "Mwanangu, hapa pamekuwa pa kutisha." Hakuibiwa wala kusukumwa, ni macho tu. Imeniuma sana. Jirani ashauri niweke bango kubwa la taa. Nifanyeje?

Mama wa Makadara: Usiongeze, dadangu. Nikipita hapo na watoto naukumbatia mkoba, na sijui naogopa nini.

Tuktuk Buxton: Mimi naona vingine. Usiku taa za mabango ndizo zatuangazia. Abiria hukataa kushuka penye giza, si penye mabango. Baya ni karatasi kuziba alama za barabarani. Weka la taa, lakini dogo.

Mchora Vibao: São Paulo, Brazili, walipitisha sheria 2006, na 2007 mabango makubwa yakaanza kung'olewa. Majumba ya zamani yakaonekana, na mitaa ya mabanda iliyokuwa imefichwa nayo ikaonekana. Duka lisilofika mita 10 kwa upana liliachiwa kibao cha mita mraba 1.5, na hicho chakutosha. Hapa kwetu, kaunti ilipoagiza 2018 nyumba za mjini zipakwe nyeupe na buluu, nilipaka kuta nyingi. Haukupita muda, mabango yakarudi juu ya rangi yangu. Teremsha la plastiki, andikisha jina kwa brashi juu ya mlango. Halafu kazungumze na jirani, usimwandikie barua.

Muuza Leso: Nimeliteremsha langu jana. Jirani amekubali kupandisha lake kiasi cha mkono mmoja, nusu ya nakshi yaonekana. Gundi naitoaje bila kuumiza mbao?

Mchora Vibao: Kitambaa cha maji vuguvugu, ukiache kidogo, kisha kwangua na kijiti cha mbao kufuata nakshi. Kisu usiguse. Pole pole, kipande kwa kipande. Mama akija tena, uwe umefika hata ubao mmoja.