Daktari kuokolewa na unywele wa kwenye brashi: inawezekana?

Msusi_Kayole
Wapenzi wa Star Trek, ile tamthilia ya meli za angani, nisaidieni. Jana jioni mvua ilifukuza wateja, nikafungulia kwenye simu kile kipindi cha zamani cha The Next Generation, "Unnatural Selection", cha 1989.

Kwa wasiokijua: meli ya Lantree inakutwa inaelea angani, mabaharia wote wamekufa kwa uzee. Chanzo ni watoto waliotengenezwa kwenye kituo cha utafiti cha Darwin. Kinga yao haingoji ugonjwa uingie mwilini, inatoka nje kuuwinda, na ikimpata mtu wa kawaida inamzeesha. Pulaski, daktari wa meli ya akina shujaa wetu, anajitenga na mtoto mmoja ili athibitishe kwamba hana madhara. Wapi! Baada ya muda mfupi ngozi imekunjamana na nywele ni mvi tupu.

Hapo nikasimamisha. Nina miaka kumi na moja nasuka. Unywele uliokwisha kutoka kichwani haugeuki mvi wenyewe. Mvi huanzia shinani na kupanda polepole, kama sentimita moja kwa mwezi. Ndiyo maana mteja niliyempaka rangi nyeusi wiki ya Pasaka hurudi kabla ya Madaraka, utosini ana mstari mweupe kama chokaa. Pulaski alipaswa kuwa na uso wa bibi na nywele zake zilezile za asubuhi. Hilo nimewasamehe.

Swali langu ni la mwisho. Wanapata unywele kwenye brashi yake, wanasoma vinasaba (DNA) vya kabla hajaugua, na ile mashine ya kusafirishia watu inamrudisha alivyokuwa. Kweli unywele uliodondoka una mtu mzima ndani yake? Nauliza kwa sababu nina mteja, mama wa makamo, ambaye kila nikimmaliza huokota nywele zake sakafuni na kwenye kitana, akazifunga kwa gazeti na kutia mkobani. Anaogopa kurogwa. Mimi humcheka kimoyomoyo. Sasa sijui.

BabaTush
Shida yangu ni hiyo mashine. Kama inarudisha ujana, mbona kipindi kinachofuata watu bado wanazeeka? Ingekuwa hapa Nairobi, foleni ingefika Thika.

Fundi_wa_Maabara
Dada, inategemea ni unywele gani. Ule ulionyofolewa ungali unakua hutoka na ala laini shinani, na humo mna seli zenye vinasaba vyako vyote. Ule uliojidondokea kwa kuwa muda wake umekwisha una kitone kikavu cheupe; vinasaba vyake ni haba. Uliokatika katikati hauna mzizi, na kwa kawaida utapata vile vya mitokondria tu, yaani vya vijiwanda vya nishati ndani ya seli, ambavyo mtu hurithi kwa mama. Kwa hivyo peke yake, wewe na ndugu zako wa tumbo moja hamtofautishwi. Tuseme basi Pulaski alichana nywele kwa hasira siku ile.

Kemunto_
Mimi kipindi hicho sikukimaliza. Watoto wanaozeeka mapema wapo kweli. Ugonjwa unaitwa progeria. Mwaka 2003 ilijulikana kwamba unatokana na kosa kwenye jeni ya LMNA, mara nyingi herufi moja tu ya vinasaba iliyobadilika. Nywele huisha wakiwa bado wadogo sana. Hauambukizi, jamani, na hakuna aliyemroga mtu. Dawa yake ya kwanza, lonafarnib, iliidhinishwa Marekani 2020. Hupunguza kasi, haimrudishi mtoto alivyokuwa.

Msusi_Kayole
Asante Kemunto, hilo sikulijua.

Fundi, asubuhi nimetoa nywele kumi kwenye kitana, nikazilaza juu ya kile kitambaa cheusi tunachomfunga mteja shingoni. Sita zimekatika tu, ncha zote mbili kama uzi. Tatu zina kitone, kidogo kuliko chembe ya chumvi. Mmoja tu una hiyo ala, inang'aa kama gundi iliyokauka. Huo najua ni wa yule msichana aliyetokwa machozi nilipomkaza rasta za mbele. Nimeona aibu kidogo.

Yule mama amefika saa sita. Nikamwambia, mama, siku hizi okota zenye ala au kitone, hizi nyingine usijisumbue. Akasikiliza vizuri sana. Kisha akainama akaokota zote, akafunga gazeti lake, akakitazama kile kitambaa: "Na hizo kumi ni za nani?"